Nguzo ya Tisa

Zipporah alifagia nyumba alfajiri, akatoka kuwasha moto, na aliporudi alikuta nyayo za maji kwenye sakafu yake ya udongo. Zilikuwa nyayo ndogo, za mtoto, kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Akafoka kama ambavyo mama yeyote angefoka.

"Easter! Nimekwambia mara ngapi usiniingilie ndani na miguu ya maji?"

"Sijatoka, mama. Nilifika mlangoni kuchungulia tu."

"Na maji haya umeyatoa wapi? Kitandani?"

"Ndiyo," akasema mtoto.

Alikuwa binti wa miaka tisa, mkweli mpaka anaudhi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, na vidoleni maji yalikuwa yakidondoka tone baada ya tone. Mama akachukua leso akampangusa. Akapangusa tena. Leso ililoa hadi ikabidi aikamue mlangoni, na miguu bado ilikuwa inachuruzika. Ngozi ya nyayo imekuwa nyeupe, imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda mtoni akifua. Na ilikuwa na harufu, tena si ya maji ya mtungini. Ilinuka lile tope jeusi la chini ya mto, la majani yaliyooza.

"Jasho hilo," akasema Dena, baba yake, akimeza chai.

Jasho! Jasho gani la miguu linalolowesha leso nzima? Mtu mwenye siri husema upuuzi wa namna hiyo, na mkewe alimtazama kwa jicho la kumwambia hivyo hivyo. Siri yenyewe nitaisema sasa hivi, sina haja ya kuwazungusha.

Mwaka huo wa themanini na sita, Dena alikuwa nyapara wa Sinyora. Sinyora ni mama wa Kitaliano aliyenunua ekari mia sita za pori nyuma ya Ganda, wala si kwa kulima wala si kwa kufuga. Alinunua ili paa wapate pa kukaa, ndege wapate pa kutaga, na miti isikatwe. Watu wa Malindi walicheka mpaka wakachoka. Katikati ya pori lile kulipita kijito, Kamuhoni, ambacho zamani wanawake walichota maji wakiwa wamesimama tu kwenye majani. Kisha miti ya kingoni ikakatwa kwa makaa, na kila masika maji yakaja kwa kasi yakaula udongo, hadi kijito kikawa korongo ambalo ng'ombe akitumbukia hatoki. Sinyora akaapa atakirudisha.

Dawa ya korongo ni vizuizi. Unakata mto kwa safu ya nguzo, unapanga mawe nyuma yake, maji yakifika yanapunguza mbio na kuutua udongo wao hapo. Unapanda majani na matete, na mwaka hata mwaka kitako cha mto kinapanda. Ni kazi ya subira, na nguzo ndiyo roho yake. Za kununua mjini ziliingiwa na mchwa kabla ya kuingia maji, na vizuizi viwili vilivunjika mbele ya macho ya Sinyora. Na miti ya porini mwake haikuguswa. Ameipigia hesabu, ameipaka namba.

"Hata mmoja, Dena. Nikisikia shoka, unakwenda nyumbani."

Nyumbani! Nyumba ya Dena ilikuwa kando ya lango, kwenye kipande cha ardhi ya Sinyora, alichopewa maadamu yuko kazini. Akitoka kazini, anatoka na mikeka yake.

Ndipo alipokumbuka mji wa zamani, kama Wagiriama wanavyoliita boma la ukoo. Kilimani juu ya kijito palikuwa na mahame ya ukoo wao, na katika mahame yale vigango tisa vilikuwa bado vimesimama. Mzee wa Kigiriama mwenye heshima, aliyekuwa katika chama cha wazee kiitwacho Gohu, akifa huchongewa kigango. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu kifuani, na husimikwa pale alipoishi. Mchwa hawakigusi. Na kikishasimikwa haking'olewi, ng'o. Watu wakihama, kigango hubaki palepale, na mwana humchongea babaye kibao kidogo huko aendako, akamwita kwa jina, na mzee akawafuata wanawe. Kile cha zamani hubaki ganda lisilo na kunde.

Dena aliyajua haya yote, na kujua ndiko kulikomponza. Mgeni asingegusa, angeogopa tu. Yeye alipiga hesabu. Vigango vinane vilikuwa vya wazee ambao wana wao walihama miaka arobaini iliyopita, wamesimikiwa vibao vyao Jilore na kwingineko, na kila mtu alijua. Basi hawamo. Lakini korongo lilitaka nguzo tisa, na kigango cha tisa kilikuwa cha Mzee Dzombo, baba yake mkubwa, aliyemlea yeye Dena tangu babaye mzazi alipofariki.

Mzee Dzombo alifariki mwaka wa sabini na tisa. Mwanawe, Katana, aliendelea kukaa pale mpaka wapima ardhi walipokuja. Wapima waliuliza: kuna mtu ana mji humu? Nao walimwuliza Dena, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwashikia kamba na tayari amenong'onezwa habari ya unyapara. Dena, aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka pale aliposimama, akajibu, "Hakuna. Ni pori tu." Kabla ya mwezi kwisha nyumba ya Katana ilibomolewa, na Katana akaenda Marereni kukokota chumvi.

"Katana atakuwa keshamsimikia baba kibao huko," Dena alijiambia. Hakwenda kuuliza. Anayeuliza hujibiwa.

Aling'oa vigango Jumapili, vibarua wamekwenda makwao, akavisimika korongoni peke yake, akavipaka tope usoni na kuvizungushia magunia. Jumatatu vibarua walikuta nguzo tisa zimesimama, wakapanga mawe. Cha Mzee Dzombo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kirefu na kinene, alikuwa amekiweka kati, pale mto unapokaza zaidi. Vuli ilipokuja, kizuizi hakikutikisika. Nyuma yake maji yalitulia yakawa bwawa dogo, na asubuhi ileile ya nyayo za maji Sinyora alimkumbatia Dena mbele ya watu wote na kumwita ndugu.

*

Wiki ya kwanza walimpeleka mtoto hospitali, wakapewa poda ya kupaka miguuni. Poda ikawa uji. Wiki ya pili watu wa kanisa la Zipporah walikuja wakaomba wakaimba, na Easter aliimba nao vizuri sana, huku kando ya mkeka wake udongo ukilainika. Maji sasa yalikuwa yamepita vifundo. Kulikuwa na mstari kabisa kwenye miguu yake, chini umelowa na juu umekauka, kama nguzo za gati. Na adhuhuri, nyumba ikiwa kimya, Zipporah alianza kusikia mto ukipita chini ya kitanda, polepole, ukigonga kitu na kukizunguka.

"Ni jini hilo, Mama Easter," walimwambia majirani. "Jini maji. Hili si la kanisa."

Zipporah hakuwa mtu wa majini, lakini mama akishikwa na la mwana hukanyaga popote. Akamwambia Dena amlete Mwalimu Abdulghani wa Mambrui, mzee mwembamba ambaye kazi yake ya kusomea watu aliirithi kwa babu. Mwalimu alikuja mchana kweupe. Aliandika kombe kwa zafarani, akaliosha kwa marashi, akamnywesha mtoto. Kisha akasoma, mkono wake juu ya utosi wa Easter, na sauti yake ilikuwa nzuri, hata kuku walinyamaza uani.

Aliposita, aliuliza kwa upole, "Assalamu alaykum. Wewe uliye hapa, ni nani?"

Mtoto alifumbua macho. Midomo yake ikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa kubwa wala haikunguruma. Ilikuwa ya mzee aliyesimama muda mrefu mno.

"Mimi ni mwenye mji. Naona baridi ya miguu."

Dena akatoka nje. Mwalimu alimkuta ameegemea mwembe wa jirani.

"Shikamoo, Mwalimu. Limetoka?"

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini, akikunja msala wake. "Miaka thelathini nasoma. Jini nikilisomea hubabaika, hutukana, hutaka udi na ubani. Huyu wako ametulia akanisikiliza mpaka mwisho. Hili si jini. Huyu ni mtu, tena mtu mwenye adabu zake. Na mimi watu siwafukuzi."

"Sasa tufanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Nilipokuwa namwuliza jina, wewe ulikuwa tayari uko mlangoni." Akavaa viatu vyake. Hakutaka hata kikombe cha chai.

Dena bado alibisha ndani ya nafsi yake. Binadamu ana kichwa kigumu kuliko mti wa mhuhu. Kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenda kizuizini kusoma kina cha maji, maana Sinyora alikuwa amepigilia ubao wa vipimo na alitaka kila siku aambiwe. Dena alizoea kuhakikisha kwa mkono wake kwenye nguzo ya kati. Kesho yake aliposhusha mkono, alipata shibiri moja na vidole viwili. Akarudi nyumbani, akapiga magoti mbele ya bintiye aliyekuwa akinywa uji, akaweka kidole gumba kisiginoni na kukunjua kiganja kwenda juu. Shibiri moja na vidole viwili.

Alirudi mbio korongoni, akazibua bomba la pembeni walilokuwa wameliweka kwa ajili ya kusafisha bwawa, akakaa jiweni kutwa nzima huku vibarua wakimtazama na kunong'ona, na maji yalipokuwa yameshuka hadi vidole vinne akaenda nyumbani akamkuta Easter uani anaruka kamba, akicheka, miguu mikavu kushuka hadi juu ya kisigino. "Baba! Naelekea kupona!" Akamwitikia. Lakini hakucheka naye, maana jicho lake lilikuwa limekwisha kwenda kwingine, kwenye ukingo wa korongo, pale mafuriko ya masika yaliyopita yalipoacha mstari wa takataka. Mstari ule ulikuwa juu ya kichwa cha nguzo, juu kwa dhiraa nzima.

*

Alimwambia mkewe mwezi wa tatu, mawingu yakiwa tayari yanakusanyika upande wa bahari. Ndiyo, alikaa na jambo lile miezi yote hiyo. Kaskazi ilikuwa imekausha kijito, mtoto alikuwa amekauka pamoja nacho, na Dena alikuwa akijipa moyo kwamba huenda limekwisha. Kisha mvua ya kwanza ikapiga huko bara, na Easter akaamka amelowa hadi magotini, amejikunyata, meno yanagongana kwenye joto la Machi.

Walizungumza jikoni, kwa kunong'ona, wakimpa mtoto mgongo.

"Ulimtia baba'ko mkubwa majini?" Zipporah aliuliza, polepole, kana kwamba anasoma barua ya msiba.

"Nilidhani hayumo."

"Ulidhani hayumo."

"Katana alipaswa kumsimikia kibao. Ndiyo desturi. Mimi ningejuaje kwamba..."

"Nyamaza. Mzee aliyekulisha, Dena! Nenda kamtoe."

"Ile ndiyo nguzo ya kati. Nikiing'oa, kizuizi chote kinakwenda, na udongo wote uliotua. Wageni wa Sinyora wanakuja mwezi wa tano kutoka kwao kukiona. Atanifukuza siku hiyohiyo. Na tukitoka hapa tutakwenda wapi?"

Zipporah alimtazama mpaka macho yake yakajaa. "Tutakwenda wapi! Waulize uliowatoa wewe. Wao walikwenda wapi?"

Dena alikwenda korongoni alfajiri. Akaondoa mawe, akaikumbatia nguzo, akavuta mpaka kifua kikalia. Haikutikisika. Wakati alipoisimika ilikuwa nyepesi kubebwa na mtu mmoja, na sasa ilikuwa kama imeshikwa kutoka chini. Akapangusa tope, na uso wa mviringo ukatokea, macho mawili tu na mstari wa pua. "Baba mkubwa, nisamehe. Toka," akasema. Maji yakapita. Akajua kwamba hataitikiwa, maana baba huitwa na mwanawe.

*

Marereni mashamba ya chumvi huunguza macho. Dena alimkuta Katana kwenye safu ya vyumba vya vibarua, ameketi kizingitini, anapaka mafuta ya nazi kwenye nyayo zilizopasuka kwa maji ya chumvi. Hakusimama.

"Karibu, nyapara," akasema. "Umekonda. Pori halikulishi?"

Dena alisema yote, tangu Jumapili ya vigango mpaka shibiri na vidole. Katana alisikiliza, akiendelea kupaka mafuta, mguu huu, kisha huu. Mwishowe akafuta mikono.

"Kwa hiyo umekuja kuniuliza kama nilimsimikia baba kibao."

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Leo ndipo unauliza." Akainama, akavuta kitu kutoka chini ya kitanda chake, kimefungwa gunia. Kilikuwa kibao kidogo, urefu wa mkono, kimechongwa kwa uangalifu, kichwa cha mviringo, nakshi zake kifuani. "Nilikichonga mwezi uleule nilipofika. Mwaka wa pili huu nakilalia. Nikisimike wapi, Dena? Hapa ukichimba shibiri moja ni chumvi, na ardhi ya kampuni, na kesho wakinihamishia safu nyingine je? Kibao husimikwa penye mji. Mimi sina mji. Kila usiku namwambia baba, subiri, nikipata kiwanja nitakuita. Nilidhani angalau ananisubiri pakavu."

Dena alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, na vibarua waliokuwa wakirudi zamu walipita wakigeuza nyuso. Katana hakumwambia anyamaze.

"Mtoto ana miaka mingapi?" aliuliza baadaye.

"Tisa. Anaitwa Easter."

"Nitakuja. Si kwa ajili yako, unasikia? Lakini kibao hiki nitakisimika kwenye ua wako, na mbele yake nitasema maneno nitakayoyasema mimi, na wewe utaitikia."

"Nitaitikia lolote."

"Ndivyo ulivyo," Katana akasema, akachukua shati lake na kile kibao.

Walipanda lori la chumvi. Mvua iliwakuta Gongoni, na haikuwa mvua ya manyunyu, ilikuwa masika yenyewe imeamua kuja kwa siku moja. Daraja la Sabaki walilivuka maji yakiwa mekundu chini yao, na kutoka Malindi walikimbia kwa miguu, lori limekwama, na kadiri walivyokimbia ndivyo Dena alivyokuwa akipima kwa kichwa, sasa kiunoni, sasa kifuani, na alipofika langoni aliona maji yakitoka mlangoni mwa nyumba yake, maji ya udongo mwekundu yenye majani, yakishuka kizingiti na kuungana na ya mvua, ilhali paa halikuwa linavuja hata tone.

Zipporah alikuwa amesimama juu ya meza, amemwinua Easter mikononi kadiri alivyoweza, na haikusaidia kitu, maana maji hayakuwa ya nyumba, yalikuwa ya mtoto, yakimtiririka kutoka kwenye mstari uliokuwa chini ya shingo yake, na mtoto hakuwa analia bali amenyoosha kidevu juu kama mtu aliyesimama mahali pa kina, anavuta pumzi fupifupi kwa pua, na kila alipokohoa lilitoka tope na majani ya matete.

"Mimi ni mwenye mji," alikuwa akinong'ona kati ya pumzi, kwa ile sauti ya kuchoka. "Mimi ni mwenye mji."

Katana aliposikia sauti ile alishika kizingiti. Hakuwa ameisikia kwa miaka saba. Kisha wote wawili wakatoka mbio kwenda korongoni na mtaimbo.

Maji yalikuwa yamefika kwenye uso wa nguzo ya kati. Gunia lilikwisha kuondoka, na ule uso wa mviringo ulikuwa unachungulia juu ya povu, mto ukiugonga na kuuzunguka. Walijifunga kamba kwenye mti wenye namba ya Sinyora, wakaingia. Dena alisukuma mawe kwa mtaimbo hadi kucha zikatoka. Katana hakuvuta wala hakusukuma. Aliweka viganja vyake viwili kwenye mabega ya kigango, akainama, akasema karibu kabisa na uso, "Baba. Ni mimi. Nimekuja. Toka tuondoke." Na kigango kikatoka kama muhogo kwenye mchanga.

Kizuizi kilikaa kidogo, labda muda wa mtu kusema kwaheri. Kisha kikaenda. Mawe, matete, udongo mweusi uliotua nyuma yake, vyote vikashuka na mngurumo mmoja kuelekea baharini, na nguzo nane nyingine zikipinduka-pinduka ndani yake. Walitupwa ukingoni kwa kamba, wamekumbatia maiti yao ya mti.

Walipanda naye kilimani mabegani, mvua inawapiga, wakamrudisha kwenye shimo lake lilelile. Kisha wakaenda kwa Dena. Easter alikuwa amelala juu ya meza, amefunikwa leso ya mama, mkavu kutoka utosi hadi vidole, anakoroma. Katana alimtazama mara moja tu. Alichimba uani kwa mikono, akasimika kibao, akamwaga tembo la mnazi kidogo alilolipata kwa jirani.

"Baba Dzombo," akasema, "mji nilikuwa nao ukachukuliwa, na unajua nani aliyesema sina. Basi nakuita, njoo hapa, kwa Dena. Tangu leo ndiye mwanao. Ukiona njaa mwambie yeye, ukiona baridi mwambie yeye. Aendako nenda naye. Mimi nimemaliza." Akageuka. "Itikia."

"Naitikia," Dena akasema.

*

Sinyora alikuja asubuhi na viatu vyake vya mpira, akasimama kwenye ukingo wa korongo lililokuwa sasa pana kuliko siku aliyolinunua, akalia. Sitamsingizia, alilia kweli. Dena alimweleza kila kitu na hakuficha hata la wapima ardhi. Sinyora alisikiliza, na sielewi alisadiki nini.

"Ungeniambia," alisema. "Ningempa Katana mahali. Ningewapa wote. Kwa nini hukuniambia?"

Mwisho wa mwezi Dena alitakiwa awe ametoka, maana nyapara mpya alihitaji nyumba. Vile vigango vinane vilipatikana chini kwenye mikoko. Sinyora aliviosha akavipanga barazani kwake, na wageni wa mwezi wa tano wakapiga picha navyo. Havikumdhuru mtu. Havikuwa na mtu ndani.

Kibao Dena alikiacha uani. Kilichosimikwa haking'olewi, na alijiambia kwamba mzee atabaki nacho, angalau yuko karibu na kilima chake. Zipporah alifunga mikeka bila kumsemesha. Kazi iliyopatikana ilikuwa ya kukokota chumvi, Marereni, na chumba walichopewa kilikuwa safu moja na cha Katana, milango mitatu kati yao. Katana aliitikia salamu yao kwa adabu, akaingia ndani.

Jioni ya kwanza Dena alirudi zamu, nyayo zinamwaka, akamkuta Easter ameketi kwenye benchi fupi la saruji mbele ya mlango. Watoto wa safu ile walikuwa wanacheza, na yeye anawatazama tu. Alikuwa mzima kabisa, amenenepa hata.

"Mbona huchezi na wenzio, mama?"

"Nakaa na babu kidogo. Amechoka kutembea." Mtoto aliinua macho yake ya ukweli. "Baba, anauliza. Anasema, hapa ndipo nyumbani, au bado?"

Dena alitazama saruji ya kampuni, na mlango wenye namba, na chumvi iliyoanza pale saruji ilipokoma na kwenda mpaka macho yanapoishia.

"Bado," akasema.

Easter akageuka upande wake wa kushoto, pasipo mtu. "Anasema bado," akanong'ona, kisha akasogea hadi ukingoni mwa benchi, ili mwenziwe apate pa kukaa vizuri.